Umeumia kazini Lamu au Malindi: jinsi ya kudai fidia mpaka ilipwe

Mwashi akianguka jukwaani Shela, au mkono wa kibarua ukanaswa na mashine kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kila mtu hukimbilia damu, na ndivyo ipasavyo. Lakini siku hizo hizo za kwanza ndipo fidia nyingi hupotelea. Hospitali huandika "ameanguka" bila kusema ameangukia wapi. Nyapara huahidi kwamba tajiri atakuona. Hakuna aliyeandika lolote, na miezi minane baadaye mtu ana mguu usiokunjika na hana karatasi hata moja inayomtaja mwajiri.

Sheria ya Kenya inayokulinda ni Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Maofisini na mitaani huitwa WIBA, nasi tutaiita hivyo. Ilianza kutumika Juni 2008, na jambo lake kubwa ni kwamba huhitaji kuthibitisha kosa la mwajiri. Umeumia ukiwa kazini kwake, ukifanya kazi yake, analipa. Wengi hawalijui hili, kwa hivyo wakiambiwa "ulikuwa mzembe", "hukuvaa glavu", "nilikukataza kupanda", hunyamaza na kurudi nyumbani. Usinyamaze. Uzembe wa kawaida haufuti fidia. Kinachoweza kuifuta ni utovu wa makusudi, mfano kuja kazini umelewa, na hata huo haufuti ikiwa ajali imeleta kifo au ulemavu wa kudumu wa asilimia 40 au zaidi, maadamu ulikuwa ukifanya jambo la manufaa ya kazi ya mwajiri. Ajali ndani ya gari ambalo mwajiri ametoa la kubeba wafanyakazi kwenda au kutoka kazini pia huhesabiwa ya kazini.

Kibarua wa kulipwa kwa siku amo. Mwanagenzi anayejifunza kazi amo. Mfanyakazi wa nyumbani amo. Kukosa mkataba wa maandishi hakukutoi. Kwa Sheria ya Ajira, ni mwajiri ndiye mwenye jukumu la kuandika mkataba, na akishindwa kuutoa mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia yeye.

Pagumu ni kwa wale ambao si wazi kama wameajiriwa. Mkwezi anayeitwa na hoteli kuangua nazi na kulipwa kwa mnazi, au baharia anayepata mgao wa samaki badala ya mshahara, ataambiwa kwamba yeye ni mtu wa kujitegemea. Hapo yanayoangaliwa ni mambo ya kila siku: nani anakupangia saa za kufika, nani ana vifaa, nani anakuamuru ufanye nini, unaweza kumtuma mwingine badala yako au la, umefanya kazi pale kwa muda gani mfululizo. Mkwezi anayefika hoteli hiyo hiyo kila Jumatatu, akatiwa sahihi langoni na kuvaa fulana ya hoteli, ana la kusema. Aliyeitwa mara moja njiani atapata taabu. Kitabu cha langoni, basi, ni ushahidi. Kikumbuke mapema na utaje kipo.

Saa za kwanza

Huduma ya kwanza na usafiri wa kukupeleka hospitali ni juu ya mwajiri. Jeraha moja la hapa kwetu linahitaji haraka ya pekee: chokaa machoni. Chokaa huendelea kuunguza jicho hata maumivu yakipungua, kwa hivyo osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 au zaidi, ukishikilia kope zikae wazi, kisha ndipo uende hospitali. Usisugue, wala usitie maziwa au mafuta.

Ukifika hospitali, iwe ni King Fahd Lamu, hospitali ya Malindi au zahanati ya kijijini, sema sentensi moja kamili kwa anayekuandika: "Nimeumia leo kazini kwa fulani, mahali fulani, nikifanya kazi fulani." Kisha mwombe akusomee alichoandika. Hili linaonekana dogo, lakini karatasi ya kwanza ya hospitali ndiyo ambayo bima huisoma kuliko zote, maana iliandikwa kabla ya mtu yeyote kufikiria pesa. Ikisema "ameanguka nyumbani" kwa sababu nyapara aliyekusindikiza ndiye aliyejibu maswali, utaihangaikia mpaka mwisho. Ukigundua kosa, rudi siku hiyo hiyo au kesho yake uombe lisahihishwe. Baada ya mwezi hakuna atakayekubali kuligusa.

Angalia na saa. Sisi husema saa nne na robo asubuhi. Fomu hujazwa kwa Kiingereza, na mtu mwenye haraka huandika 4.15. Bima wakiona 4.15 watauliza ulikuwa unafanya nini kwenye mjengo alfajiri, au kwa nini hospitali ilikupokea kabla ya ajali kutokea. Iandikwe 10.15, na iwe hivyo kwenye kila karatasi.

Mwambie mwenzako apige picha kwa simu: jukwaa lililovunjika, mashine bila kifuniko chake, sakafu ya jikoni yenye mafuta, ngazi. Afanye hivyo kabla ya kufagiliwa. Chukua majina na simu za watu wawili walioona. Mafundi wa mjengo hutawanyika. Anayefanya kazi nawe leo Shela, mwezi ujao yuko Watamu au Mpeketoni.

Taarifa kwa mwajiri

Sheria inakubali taarifa ya mdomo, lakini ya mdomo hukanwa. Andika. Haki yako inaweza kupotea usipomjulisha mwajiri ndani ya miezi 12 tangu ajali, isipokuwa ithibitike kwamba alijua kwa njia nyingine. Usingoje hata wiki. Karatasi moja yatosha, mfano:

"Kwa meneja. Mimi (jina, nambari ya kitambulisho, simu) ni mwashi katika ujenzi wako wa Shela tangu Novemba 2024, kwa ujira wa shilingi 1,200 kwa siku. Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nne na robo asubuhi (10.15), nikiwa juu ya jukwaa la ghorofa ya pili nikipaka niru ukuta wa kaskazini, boriti ya upande wa kulia ilivunjika nikaanguka chini kama mita tatu. Nimevunjika mfupa wa mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Walioona ni (majina mawili). Nilipelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Naomba uijulishe ofisi ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba na unijazie fomu ya ajali."

Usiongeze lawama. Usiandike "ni makosa yenu", wala usiandike "niliteleza kwa bahati mbaya yangu". Eleza kilichotokea tu. Toa nakala mbili. Yako itiwe sahihi na tarehe na aliyepokea. Akikataa kutia sahihi, ipige picha na umtumie kwa WhatsApp, kisha uhifadhi picha ya ujumbe huo ukionyesha nambari na tarehe. Ikiwa mwenye jengo yuko Ulaya na msimamizi ndiye anayeonekana, mpe msimamizi na umtumie mwenye jengo pia. Ikiwa uliletwa na kontrakta, waandikie wote wawili, kontrakta na mwenye mali, maana kila mmoja atasema ni wa mwenziwe.

Gharama za matibabu na za njiani

Matibabu, dawa, bandeji, upasuaji, uuguzi, magongo, mguu wa bandia na nauli za kwendea hospitali, pamoja na chakula cha njiani, ni gharama ya mwajiri zikiwa za kadiri. Ukiambiwa "tumia kadi ya SHA", yaani bima ya afya ya serikali, tumia ikiwa hali ni ya dharura, lakini kila shilingi itakayotoka mfukoni mwako iandike.

Tatizo la Lamu ni risiti. Mtu wa Faza au Kizingitini hupanda mashua mpaka Amu, kisha Mokowe, kisha basi mpaka Malindi au Mombasa kwa picha ya mfupa, na mwenye mashua hatoi risiti. Nunua daftari dogo. Kila safari andika tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, nauli, na nahodha au utingo atie sahihi na nambari ya simu. Ukilipa kwa M-Pesa ni bora zaidi, ujumbe wenyewe ni risiti. Ikiwa hali yako ilihitaji msindikizaji, mwombe daktari aandike hivyo kwenye karatasi yake. Bila neno la daktari, nauli ya msindikizaji itakataliwa.

Usimpe mwajiri risiti za asili bila kubaki na nakala. Wino wa risiti za duka la dawa hufifia kwa joto la pwani, baada ya miezi michache karatasi ni nyeupe. Zipige picha siku ile ile.

Pesa za wakati hufanyi kazi

Hapa waajiri huchanganya sheria mbili, wengine kwa kutojua. Sheria ya Ajira humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka. Hiyo ni ya malaria na homa. Ukiumia kazini, unaingia WIBA: ukishindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, unastahili malipo sawa na mapato yako, kwa muda usiozidi miezi 12. Kwa hivyo "siku zako 14 zimeisha" si jibu kwa mtu aliyevunjika mkono kazini. Wala "kibarua asiyefanya kazi halipwi" si jibu.

Kinachobeba malipo haya ni karatasi ya daktari ya kupumzika. Isiwe na pengo. Daktari akikupa hadi tarehe 20 na umepangiwa kurudi kliniki tarehe 27, omba iandikwe hadi 27, la sivyo wiki hiyo moja mwajiri atasema ulikuwa mzima. Na usionekane ukifanya kazi nyingine, hata ya kumsaidia ndugu dukani. Mji wetu ni mdogo na picha husafiri.

Fomu na ofisi

Fomu ya kuanzia inaitwa DOSH/WIBA 1. Wazee wa kazi bado huiita LD 104, jina la ile ya sheria ya zamani. Ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Mwajiri anatakiwa kuiarifu Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba tangu alipojua ajali. Ikiwa mtu amefariki, taarifa itolewe ndani ya saa 24. Ikiwa hujui ofisi ya kurugenzi inayohudumia eneo lako, ofisi ya leba itakuelekeza.

Mwajiri akikataa kujaza, na wengi hukataa, usikae kumbembeleza miezi mitano. Nenda ofisini mwenyewe na mfuko huu: kitambulisho na nakala yake, nakala ya taarifa uliyompa, karatasi za hospitali kuanzia ya kwanza, picha za eksirei, uthibitisho wa kazi, majina ya mashahidi. Uthibitisho wa kazi ukikosa mkataba ni taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo yake ya kila wiki, kadi ya kuingilia, sare, picha mko kazini, ujumbe wa nyapara akikuita kazini, michango ya NSSF. Ofisa humwandikia mwajiri na anaweza kwenda kukagua mahali penyewe, na gharama ya uchunguzi huo mwajiri anaweza kudaiwa.

Dai lenyewe lazima lifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo. Hii ndiyo tarehe ya kuandika ukutani. Wako wanaosubiri "nipone kwanza ndipo nidai". Fungua dai sasa, asilimia ya ulemavu itafuata.

Daktari na asilimia

Baada ya dai kufunguliwa, kila kitu hutegemea nambari moja: asilimia ya ulemavu wa kudumu. Sheria ina jedwali. Kupoteza mikono yote miwili, au uwezo wote wa kuona, ni 100. Chini ya hapo kila kiungo kina sehemu yake, na vidole huhesabiwa kwa pingili: aliyekatika pingili moja ya kidole cha shahada hapati sawa na aliyekatika tatu. Jeraha ambalo halimo kwenye jedwali, kama mgongo uliobana au bega lisilonyanyuka, Mkurugenzi wa ile Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini hulipangia asilimia isiyokuwa ya dhuluma, akitegemea ripoti ya daktari.

Ndiyo maana ripoti ya mistari miwili ni hasara. "Fracture, healed" (amevunjika, amepona) kwa fundi ambaye hawezi tena kushika mwiko ni kweli nusu. Nenda kwa daktari na picha zote za eksirei, za kwanza na za mwisho, na karatasi ya upasuaji. Mweleze kazi yako ni ipi na unatumia mkono upi. Mwombe apime na kuandika kifundo kinakunja nyuzi ngapi kikilinganishwa na kizima, nguvu ya kushika, kama kuna ganzi, kama kuna chuma ndani kitakachohitaji kutolewa. Kwa jicho, apime kuona kwa kila jicho peke yake, kwa miwani na bila miwani.

Usipimwe mapema mno. Mkono uliotolewa plasta wiki iliyopita haujatulia; daktari mwangalifu ataandika asilimia ndogo akitumaini utafunguka, au ataandika kwamba ulemavu ni wa muda, na hapo umejifungia. Kwa mfupa uliovunjika mara nyingi inafaa kumaliza mazoezi ya viungo kwanza. Lakini ukiona mwezi wa kumi tangu ajali umefika, pimwa, usije ukapishana na ule mwaka.

Mwajiri au bima wanaweza kukutaka upimwe na daktari wao, kwa idhini ya Mkurugenzi. Nenda, kukataa bila sababu kutakuharibia. Unaruhusiwa kuwa na daktari wako pale, kwa gharama yako. Jibu anachouliza, usikaze mkono kuonyesha ni mbovu zaidi. Madaktari hao huutambua mchezo huo upesi, na ripoti itakayosema "mgonjwa hakushirikiana" itakuumiza kuliko asilimia ndogo.

Hesabu

Mapato ya mwezi, mara 96, mara asilimia.

Tumchukue yule mwashi wa Shela. Shilingi 1,200 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni 31,200. Mara 96 ni 2,995,200. Tuseme amepewa asilimia 12: fidia yake ni shilingi 359,424. Kila asilimia moja kwake ni shilingi 29,952, ndiyo maana tumesema ripoti isiwe ya mistari miwili.

Sasa mwajiri akijaza kwenye fomu kwamba mshahara ni 15,000, hesabu ile ile inatoa 172,800. Shilingi 186,624 zimepotea kwa mstari mmoja wa fomu. Kabla fomu haijaondoka, soma mstari wa mapato. Sheria inahesabu ndani yake thamani ya chakula na makao anayokupa mwajiri, na malipo ya saa za ziada yakiwa ya kawaida, ya kila mara. Mfanyakazi wa hoteli Malindi anayelala chumba cha wafanyakazi na kula jikoni mwa hoteli ana haki ya kuongeza vitu hivyo. Saa za ziada za nadra haziingii, wala bakshishi ya hiari ya mwajiri, wala pesa alizokupa kwa gharama maalumu kama safari. Kibarua ambaye siku zake hupanda na kushuka huhesabiwa kwa wastani, kwa hivyo taarifa ya M-Pesa ya miezi sita au zaidi ni silaha yake.

Kwa kifo, wategemezi hulipwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, pamoja na gharama za mazishi za kadiri. Familia iandae cheti cha kifo, cheti cha ndoa (cha kadhi chatosha, kama hakuna, barua ya chifu ni mwanzo), vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na ushahidi kuhusu wazazi aliokuwa akiwalisha. Wake wawili wasifungue madai mawili ya kushindana. Waandikwe wote katika dai moja na ofisi igawanye.

Usianzie mahakamani

Zamani watu waliwashtaki waajiri moja kwa moja kwa majeraha. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu (Supreme Court), katika kesi ya Chama cha Wanasheria dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilithibitisha kwamba njia ya WIBA ndiyo ya kufuatwa: dai la fidia dhidi ya mwajiri huanzia kwa Mkurugenzi. Ukipeleka kesi mahakamani kwanza itatupwa, na wakati inaporomoka miezi yako 12 inakwisha. Anayekuambia kando ya kitanda cha hospitali "tia sahihi hapa, tutamshtaki" mwulize kwanza kama amefungua dai la WIBA. Kufungua dai hakuhitaji wakili. Na makubaliano ya wakili kulipwa tu kesi ikishinda, au kuchukua fungu la fidia, Sheria ya Mawakili haiyatambui.

Ikiwa aliyekuumiza si mwajiri wako, mfano lori la mtu mwingine lililokugonga ukiwa kazini, kesi dhidi ya huyo ni jambo la pili na wakili anafaa. Wasio na uwezo waulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au Kituo cha Sheria chenye ofisi Mombasa. Wafanyakazi wa hoteli walio wanachama wa chama chao cha wafanyakazi, KUDHEIHA, waanze na mwakilishi wa chama kazini. Barua ya chama hufunguliwa upesi kuliko ya mtu mmoja.

Pale wanapozungusha

Mkurugenzi akishapanga fidia, hutuma hesabu kwa mwajiri au bima yake kwa fomu ya DOSH/WIBA 4. Omba nakala yako. Walipe ndani ya siku 90. Pesa zikifika kwa Mkurugenzi, naye ana siku 30 za kukufikishia. Kutolipa ni kosa la jinai, faini hadi shilingi 500,000 au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote.

Mwajiri akisema "subiri bima", mwandikie kwamba deni ni lake. Kuwa na bima ni wajibu wake kisheria, na kutokuwa nayo hakumwondolei deni. Omba jina la kampuni ya bima na nambari ya sera kwa maandishi, kisha iandikie bima mwenyewe ukiambatisha fomu. Mara nyingi utagundua kwamba bima haikuwahi kupelekewa dai.

Asiyeridhika na uamuzi, wewe au yeye, ana siku 60 za kuweka pingamizi kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi hujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Usiporidhika na jibu una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Malindi. Siku 90 zikipita bila malipo wala pingamizi, rudi kwa Mkurugenzi na barua, kisha muone wakili kuhusu kuomba mahakama hiyo itekeleze tuzo. Hapo ndipo wakili ana kazi ya kweli, na amri ya 2019 haimzuii.

Katikati ya mzunguko huu huja bahasha. "Chukua elfu 30 tumalizane", na karatasi ya kutia sahihi kwamba huna dai lolote tena. Mtu mwenye watoto na mkono mbovu hutia sahihi, na hatumlaumu. Lakini ujue kwamba kwa sheria, makubaliano ya kuacha haki yako ya fidia ni batili, na kumtisha mfanyakazi ili aiache ni kosa. Ikiwa njaa imekuzidi, pokea pesa kwa karatasi inayosema "malipo ya awali ya matibabu na mapato", iwe na tarehe na kiasi. Ikiwa ulishatia sahihi ile nyingine, bado nenda ofisini uieleze.

Ukifutwa kazi kwa sababu umedai, hiyo ni kesi yake yenyewe. Kumlalamikia mwajiri kwa haki si sababu halali ya kumfuta mtu, na Sheria ya Ajira inakupa miaka mitatu kudai. Usiliache dai la fidia ukikimbilia la kufutwa. Yana ofisi tofauti na saa tofauti.

Kabla ya kulipwa, fungua akaunti ya benki kwa jina lililo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Mohamed wa kitambulisho na Muhammad wa benki vimeshachelewesha malipo ya wengi. Na ukilipwa, linganisha kiasi na fomu ya DOSH/WIBA 4 kabla ya kutia sahihi ya kupokea.